Kubishana Juu ya Kitabu: Wasomaji wa Hadithi ya Pete

Natumaini mmekwisha kukaa vizuri, na kila mmoja ana penseli yake mkononi. Walio darasani na mwalimu wao wasikilize pamoja. Walio peke yao nyumbani wawaombe watoto wapunguze kelele kidogo. Maneno yote ya somo hili yatapigwa chapa katika karatasi ya somo, basi usihangaike kuandika kila ninalosema.

Juma lililopita nilipata barua kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa kisomo cha watu wazima. Jina lake sitalitaja, maana hakunipa ruhusa. Mwandiko wake ni mzuri, herufi zimesimama wima kama mahindi shambani. Aliniuliza hivi: mwalimu wetu hutuambia tusome, kisha tujadili tuliyosoma. Lakini aliyeandika kitabu ni mtu mwenye elimu kubwa, na maneno yake yamepigwa chapa. Mimi nimejua kusoma mwaka jana tu. Nitabishana naye vipi? Je, huo si utovu wa adabu?

Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, na nadhani wengi wenu mnalo moyoni ila hamjaliandika. Leo nitalijibu kwa kuwapa habari za watu wa mbali, ambao kwa miaka sabini sasa wamekuwa wakibishana juu ya hadithi moja. Wanabishana juu ya vita ambavyo havikupiganwa mahali popote duniani, na juu ya mashujaa ambao hawakuzaliwa na mama yeyote. Usicheke kwanza. Sikiliza.

Mwandishi wa hadithi hiyo ni Mwingereza aitwaye J.R.R. Tolkien. Alizaliwa katika bara letu hili la Afrika, mjini Bloemfontein, Afrika ya Kusini, tarehe 3 Januari 1892. Lakini alipokuwa na umri wa miaka mitatu mama yake alimchukua kwenda Uingereza, na huko ndiko alikokulia. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa ofisa wa jeshi, kazi yake kupeleka na kupokea habari za vita. Mwaka 1916 alikuwamo katika mapigano makubwa ya Somme, nchini Ufaransa, akaona jinsi watu wanavyokufa katika matope ya mahandaki. Vita vilipokwisha, rafiki zake wa karibu walikuwa wamekufa, akabaki mmoja tu. Baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford, akifundisha lugha ya Kiingereza cha zamani. Alifariki mwaka 1973.

Kitabu chake kikubwa huitwa The Lord of the Rings, yaani Bwana wa Pete. Ni kirefu mno, hata ilibidi kigawanywe katika majuzuu matatu. Mawili ya kwanza yalitoka mwaka 1954, na la tatu mwezi wa Oktoba 1955. Angalia jambo hili: juzuu la pili linakwisha mahali ambapo shujaa ameanguka mikononi mwa adui, naye yu hai. Hapo ndipo karatasi zinapokwisha! Wasomaji wakangoja karibu mwaka mzima kujua yaliyompata. Wewe ungefanya nini? Wao waliandika barua kwa mwandishi. Naye, ingawa alikuwa na kazi nyingi, alizijibu nyingi, nyingine kwa kurasa baada ya kurasa.

Sasa niwape hadithi yenyewe kwa kifupi, maana bila hiyo hamtaelewa wanachogombania.

Hapo kale, katika nchi aliyoibuni mwandishi, palikuwa na mtawala mwovu aitwaye Sauron. Alifua Pete ya dhahabu akatia ndani yake sehemu kubwa ya nguvu zake. Pete hii ikampotea. Miaka mingi baadaye ikaangukia mikononi mwa Hobiti. Hobiti ni watu wafupi, kimo chao kama cha mtoto, wenye nywele nyingi juu ya nyayo zao. Wanapenda kula, kulima na kukaa kwa amani. Hobiti kijana aitwaye Frodo alirithi Pete hiyo kwa mzee wa ukoo wake, Bilbo. Akaambiwa na Gandalf, mzee mwenye hekima na nguvu za ajabu, kwamba Pete ina uovu, humteka kila aishikaye, tena haiyeyuki katika moto wowote isipokuwa moto wa mlima ule ule ilimofuliwa. Na mlima huo uko katikati ya nchi ya adui. Basi Frodo akaenda. Mwisho wa safari alibaki na mtu mmoja tu, Sam, mtunza bustani wake. Na nyuma yao alikuwa akinyemelea kiumbe aitwaye Gollum, aliyekuwa na Pete hiyo zamani kwa mamia ya miaka, hata tamaa yake ikamla nyama na akili.

Wakati huo huo majeshi yanapigana: wanadamu, mazimwi, wafalme juu ya farasi. Mna vita vingi humo. Ukipenda habari za vita, utashiba.

Kitabu kilipotoka kwa bei nafuu nchini Marekani mwaka 1965, wanafunzi wa vyuo walikinunua kama maandazi ya moto. Mwaka huo huo kikaundwa chama cha wasomaji wake huko New York. Uingereza nao wakaunda chama chao mwaka 1969, na chama hicho kingali hai. Kila mwaka tarehe 25 Machi wanachama wake na wasomaji wengine hukumbuka siku ambayo, kwa hesabu ya kitabu, Pete iliangamizwa. Hukutana na kusoma kwa sauti. Kisha, bila shaka, hubishana.

Ubishi wa kwanza nitakaowaeleza ni wa neno moja. Nao naupenda sana, maana neno lenyewe mnalijua ninyi nyote: ni neno kama.

Katika juzuu la kwanza, Gandalf na wenzake wanapita ndani ya mapango ya giza. Huko wanakutana na kiumbe cha kutisha cha moto na kivuli, aina yake huitwa Balrog. Gandalf anasimama peke yake juu ya daraja jembamba kumzuia. Mwandishi anatuambia kwamba kivuli cha yule Balrog kilitanda pande zake kama mabawa mawili makubwa. Mistari michache baadaye anatuambia kwamba mabawa yake yalienea kutoka ukuta hadi ukuta. Mara ya kwanza neno lile lipo. Mara ya pili halipo.

Je, Balrog ana mabawa au hana?

Msifikiri ni swali la mzaha. Watu wazima, wengine walimu na mawakili, wamepoteza usingizi kwa ajili yake. Wasemao hana, husema hivi: mwandishi alikwisha kutuambia kwamba ni kivuli kilichofanana na mabawa, mara ya pili anafupisha tu. Nikisema Juma alinguruma kama simba, kisha nikasema simba akaketi, hakuna mtu mwenye akili atakayedhani kwamba Juma ameota mkia. Wasemao anayo hujibu: hapana, mwandishi huyu ni profesa wa lugha, hawezi kulisahau neno kwa bahati mbaya. Alipotaka kusema mfano, alisema mfano. Alipotaka kusema mabawa, alisema mabawa.

Halafu wa kwanza huongeza hoja nyingine. Baada ya hapo daraja linavunjika, Balrog anaanguka shimoni. Ikiwa alikuwa na mabawa, mbona hakuruka? Hoja hii inaonekana nzito, lakini si nzito sana. Kuku ana mabawa, na akitumbukia kisimani utamsikia anavyopiga kelele.

Mimi naona hana mabawa. Lakini sikuwaletea ubishi huu ili mkubaliane nami. Nimeuleta ili muone namna wanavyobishana. Hakuna anayesema mimi nina shahada, wewe huna. Kila mmoja anafungua kitabu, anaweka kidole juu ya mstari, anasema: soma hapa. Mtoto wa shule aliyeweka kidole mahali panapofaa anaweza kumshinda profesa.

Jaribu wewe mwenyewe kwa penseli yako. Andika: Giza lilitanda kama shuka. Chini yake andika: Shuka lilitanda. Ukizisoma sentensi hizo pamoja, utajua kwa nini watu hao hawalali.

Ubishi wa pili una aibu yangu ndani yake.

Vita vikubwa kuliko vyote katika hadithi hupiganwa katika uwanda mbele ya mji uliozingirwa na adui. Mfalme mzee, Théoden, anakuja na wapanda farasi wapatao elfu sita kuuokoa. Anapigana kama kijana. Kisha anashuka kutoka angani jemadari wa adui, mfalme wa wachawi, ambaye ametabiriwa tangu zamani kwamba hataangushwa kwa mkono wa mwanamume. Farasi wa Théoden anaingiwa na hofu, anaanguka, anamlalia bwana wake. Walinzi wote wamekufa au wamekimbia. Anabaki askari mmoja tu wa kusimama kati ya mfalme na yule jemadari. Kofia ya chuma ya askari huyo inaanguka, nywele zinashuka: kumbe ni mwanamke! Ni Éowyn, binti wa dada yake mfalme, aliyeambiwa akae nyumbani na kuwalinda waliobaki. Alikuja kwa siri, amevaa kiume, na juu ya farasi wake alimbeba Hobiti mmoja, Merry, ambaye naye alikatazwa kuja. Merry anamchoma yule jemadari nyuma ya goti. Éowyn anamalizia kwa upanga. Utabiri umetimia, ila si kama yule jemadari alivyoutumainia.

Nilipokuwa mwanafunzi chuoni nilibishana na mwenzangu mmoja kuhusu mambo haya tangu chakula cha jioni hata taa zikazimwa. Nilishikilia kwamba Éowyn ndiye aliyeua, na Merry alimsumbua adui tu, kama mbu. Nilisema kwa sauti kubwa sana. Mwenzangu hakupandisha sauti. Asubuhi alikwenda maktaba, akaniletea juzuu la tatu, akaniwekea kidole. Mwandishi anaeleza pale kwamba kisu cha Merry hakikuwa kisu hivi hivi. Kilifuliwa zamani sana na watu waliopigana na mfalme huyo huyo wa wachawi, na hakuna silaha nyingine ambayo ingaliweza kuivunja nguvu iliyoufunga mwili wake na nia yake. Basi bila Merry, huenda upanga wa Éowyn usingefaa kitu.

Nikamuuliza mwenzangu kwa nini mimi sikuliona jambo hilo. Akacheka. Alijua kwamba mimi sikuwa nimesoma. Nilikuwa nimeona sinema.

Sinema za hadithi hii zilitengenezwa na Peter Jackson huko New Zealand, zikatoka mwaka 2001, 2002 na 2003. Ni nzuri, nazipenda hata leo. Lakini sinema haina nafasi ya kukueleza kisu kilifuliwa na nani. Tena hugeuza mambo. Katika sinema ya pili jeshi la Waelfi, watu wasiokufa kwa uzee, linakuja kusaidia katika ngome ya Helm's Deep. Katika kitabu jeshi hilo halipo. Yumo Elfi mmoja, Legolas, ambaye anashindana na rafiki yake Gimli kuhesabu mazimwi waliyoua. Gimli anamshinda kwa moja: 42 kwa 41. Wasomaji wa zamani walikasirika juu ya jeshi hilo kana kwamba mtu ameingiza ng'ombe wa jirani katika zizi lao.

Nami tangu siku ile sibishani juu ya kitabu nisichokisoma. Au niseme kweli: nabishana kwa sauti ndogo.

Sasa nakuja kwenye ubishi wa tatu, ulio mkubwa kuliko yote. Ni huu: Frodo alishinda, au alishindwa?

Kumbukeni kazi yake ilikuwa nini: kuitupa Pete motoni. Alitembea miezi. Alichomwa kisu, aliumwa na buibui mkubwa mno, alifungwa, akakosa chakula na maji. Siku ya mwisho hakuweza ila kutambaa, Sam akambeba mgongoni kumpandisha mlima. Mbali kidogo, mbele ya lango la adui, rafiki zake walisimama na jeshi dogo, la watu walioondoka mjini wakiwa kama elfu saba, mbele ya jeshi kubwa mara nyingi. Walijua hawawezi kushinda. Walikwenda ili jicho la Sauron liwatazame wao, lisimtazame Frodo. Basi watu wote hao wanakufa kwa ajili ya mtu mmoja aliye mlimani. Naye anafika ukingoni. Moto uko chini yake. Anasimama, anasema hataitupa. Pete ni yake. Anaivaa kidoleni.

Hapo Gollum anamrukia, anamng'ata kidole, anakikata pamoja na Pete. Anacheza kwa furaha ukingoni, anakanyaga vibaya, anaanguka motoni. Pete imeangamia. Frodo hakuitupa.

Wako wasomaji wasemao: alishindwa, tusifiche. Watu walikufa langoni wakimtegemea, naye dakika ya mwisho alichagua uovu. Bahati tu ndiyo iliyouokoa ulimwengu. Huweka kidole juu ya maneno yake mwenyewe, kwamba alisema kwa sauti safi iliyosikika wazi kuwa hachagui kufanya kazi aliyoijia.

Wengine huwaambia: rudini nyuma. Rudini mpaka mwanzo kabisa, Frodo akiwa bado nyumbani kwake, hajaumia popote, ameshiba. Gandalf alimwambia aitupe Pete katika jiko lake mwenyewe, moto mdogo tu usioweza kuidhuru. Frodo alikusudia kuitupa, akajikuta amekwisha kuirudisha mfukoni. Ikiwa siku ya kwanza hakuweza, nani angeliweza siku ya mwisho? Halafu hugeuza kurasa nyingine. Zamani Bilbo angaliweza kumwua Gollum, akamhurumia. Frodo alipolisikia jambo hilo alisema ni hasara kwamba Bilbo hakumwua, na Gandalf akamkanya, akasema huenda huruma hiyo ikaamua mambo ya wengi. Baadaye Frodo alipomwona Gollum kwa macho yake, naye alimhurumia. Hata Sam, aliyemchukia sana, alipompata mlimani upanga ukiwa mkononi, akashindwa kumchoma. Watu watatu, mara tatu. Kama mmoja wao angalimwua, Pete ingalibaki. Basi wasemao alishinda husema kwamba Frodo hakushindia ukingoni. Alishindia kule nyuma, alipomwacha adui yake aishi.

Kumbe sinema imeligeuza na jambo hili. Humo Frodo anapigana na Gollum ukingoni, na kwa kupigana huko Gollum anaanguka. Ni tofauti ndogo kwa macho, lakini inaondoa nusu ya ubishi.

Mwandishi mwenyewe aliulizwa. Mwaka 1963 aliandika barua ndefu juu ya jambo hili, nayo ilichapishwa pamoja na barua zake nyingine mwaka 1981, baada ya kufa kwake. Humo anasema kwamba ni kweli Frodo alishindwa, lakini kushindwa huko hakukuwa uovu wa moyo. Mzigo ulikuwa umepita nguvu za kiumbe yeyote. Frodo alitumia nguvu zake zote, hazikubaki hata kidogo, akaifikisha kazi mahali ambapo nguvu nyingine zingeweza kuimaliza.

Je, wasomaji walinyamaza baada ya barua hiyo? Hawakunyamaza! Wengine husema: barua ni barua, kitabu ni kitabu; mimi nilinunua kitabu. Wengine husema mwandishi amejibu sawasawa. Wengine humwuliza yeye, ingawa amekufa: ikiwa hakufanya ubaya, mbona katika kitabu chako ulimwacha arudi kwao na kovu lisilopona, akaugua kila mwaka siku ile ile aliyochomwa kisu, wenzake wakapewa heshima kuliko yeye, hata akapanda jahazi akaiacha nchi aliyoiokoa? Hilo ni swali zuri sana. Mimi nikilifikiri nawakumbuka wale vijana wa Somme waliorudi makwao wazima wa miguu na mikono, lakini hawakulala usiku. Mwandishi alikana kwamba hadithi yake ni fumbo la Vita Vikuu vya Pili, nami namwamini. Lakini alikuwa mtu aliyejua kwamba askari anaweza kufanya yote aliyoweza na bado asitoshe.

Maoni yangu? Frodo alishindwa, na simlaumu. Mwenzangu yule wa chuoni hakubali mpaka leo. Tukionana huanza upya.

Basi, ndugu yangu uliyeniandikia barua, nadhani sasa unaona ninakokwenda. Umeniuliza kama ni utovu wa adabu kubishana na mtu mwenye elimu aliyepigwa chapa. Mwandishi huyu alikuwa profesa wa Oxford, na walioandika kumbishia walikuwa watu wa kila namna. Hakuwajibu kwamba wanyamaze. Alikaa akachukua kalamu. Kama wewe unaweza kuusoma mstari na kuuonyesha kwa kidole, basi unayo haki ile ile waliyokuwa nayo.

Kazi ya juma hili ni hii. Karatasi ya somo ikikufikia, soma habari za Frodo polepole, mara mbili. Kisha andika sentensi tano: alishinda au alishindwa? Usiandike tu ndiyo au hapana. Taja maneno ya karatasi yaliyokufanya uamue hivyo. Walio darasani wagawanyike pande mbili, mwalimu asiseme neno lolote mpaka wote wamekwisha kusema. Mkiona mimi mwenyewe nimekosea mahali, andikeni hilo pia, na mniambie ni mstari gani.

Barua zenu nitazisoma katika kipindi kijacho. Yako, ndugu uliyeniuliza, naingojea kwanza. Kwaherini.